Ngazi ya Marehemu Haina Kosa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu shemeji yangu atapanda ngazi iliyomuua mume wangu, na nyumba nzima imembariki.

Nitaeleza tangu mwanzo ila kwa haraka, maana mtoto amelala juu ya mguu wangu na mguu umekufa ganzi, nikiutoa ataamka, na akiamka barua imekwisha. Mimi ni mjane, bado kijana, nimesoma kiasi cha kuandika barua, kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, nina mtoto mmoja tunayemwita Bonge ambaye sasa hivi anatembea kwa kushika ukuta, na ninaishi kwa mama mkwe. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazama mlango, anakaa baba yangu mzazi, ana duka la rangi na vifaa vya ujenzi, na nje ya duka ameegesha ngazi za kukodisha, za chuma chepesi, nzima kabisa, zimefungwa mnyororo. Nikifungua dirisha asubuhi kitu cha kwanza kukiona ni hizo ngazi. Nakuomba uzikumbuke.

Nyumba hizi mbili ziligombana mimi nikiwa bado shule. Baba mkwe, ambaye naye sasa ni marehemu, alikuwa fundi rangi, akachukua rangi ya buluu kwa baba, akapaka ukumbi wa watu, na ukuta ulipokauka ukawa kijani. Si kijani cha kubishania, kijani. Baba akasema fundi amepaka juu ya plasta mbichi, akajifunze kazi, na baba mkwe akasema muuza rangi amekoroga huku anasikiliza mpira redioni, na mimi nadhani kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli lakini hakuna aliyetaka nusu. Tangu hapo salamu zikaisha. Baba mkwe akawa ananunua rangi mbali na kurudi nayo begani, anapita nayo polepole mbele ya duka la baba, kopo limegeuzwa ili jina la duka lingine lisomeke.

Sasa nyumba hii ilikuwa na mtoto wa kiume na duka lile lilikuwa na mtoto wa kike, kwa hiyo mshauri yaliyofuata unaweza kuyakisia bila mimi kumwamsha mtoto. Huyo wa kiume watu walimwita Rola, kwa sababu alipaka kwa rola tu, brashi aliidharau. Dirisha la kwao linatazama chumba nilicholala nikiwa msichana, na alilipaka rangi mara nyingi mpaka likawa halifungi kwa unene. Mama yake akamuuliza, "Wewe, hilo dirisha lina nini?" Akajibu, "Lina kutu, mama." Dirisha la mbao.

Tulifunga ndoa kwa msajili bila wazee, shahidi wangu akiwa mwenye duka la dobi, ambaye kitu pekee alichosema siku ile ni kwamba gauni langu lina mkunjo. Baba aliposikia alisimama mlangoni pa duka akasema, "Umevuka barabara, sawa. Lakini kitu cha duka hili hakivuki, hata msumari." Mama mkwe naye akajibu kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Na hapa hatuazimi hata chumvi!" Ndivyo tulivyoanza maisha, na nakwambia ukweli tulikuwa na raha.

Halafu Rola akapata kazi ya kupaka ukuta mrefu wa ghala, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Ngazi aliyokuwa nayo ni ya mbao, aliachiwa na baba yake, mchwa walishaingia, na kipandio kimoja cha juu kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa mpira wa tairi. Asubuhi ile alikuwa anakunywa chai amesimama, akasema, "Mama, leo nitajishusha. Naenda kumwomba mkwe ngazi moja." Mama mkwe alikuwa anamwogesha Bonge, hakugeuka, akasema, "Afadhali uanguke na ngazi ya baba yako kuliko kupanda na ngazi ya yule."

Rola alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mama mkwe ana maneno, ukiyachukulia yote kwa uzito hutakula. Akabeba ngazi ya baba yake, akaenda. Hakurudi.

Msibani kila mtu alisema siku yake ilifika. Walisema hata angelala kitandani siku hiyo ingemfuata kitandani. Baba yangu alivuka barabara kwa mara ya kwanza, akampa mama mkwe mkono, akasema kazi ya Mungu haina makosa, na nilimwona akiitazama ile ngazi iliyorudishwa na kuegeshwa ukutani, akaitazama kama mtu wa ngazi anavyotazama ngazi, akapeleka jicho mpaka kwenye ule mpira, kisha akatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo wazee hawa wamepatana. Kila Jumapili baba anakuja kunywa chai, anaitwa mkwe, anaulizwa kama sukari imekolea. Mshauri, kitu ambacho sisi tulikitafuta kwa miaka tukakikosa wamekipata wao kwa kusema neno moja, majaaliwa.

Na wanalisimulia. Wageni wakija mama mkwe anaanza na dirisha la kutu, watu wanacheka, anaendelea na msajili, baba anachukua sehemu yake ya kuvuka barabara, na kila mara kinaongezeka kitu. Sasa kuna bundi aliyelia juu ya paa kuamkia siku hiyo. Kuna ndoto. Kuna kopo la rangi nyekundu lililomwagika lenyewe. Mimi nimekaa pembeni na mtoto, na natakiwa nifute machozi tukifika kwenye bundi, wakati bundi mwenyewe simjui, na Rola hakuwahi kuwa na rangi nyekundu. Wanasema tulipendana kupita kiasi, na kwamba wanaopendana hivyo hawakuandikiwa kuzeeka. Mwanamke mmoja alinishika mkono akaniambia, "Dada, una bahati, wengine hata hadithi hatuna." Nilikuwa na nepi mkononi.

Ile hadithi haina ngazi kabisa, mshauri. Mtu anaanguka tu.

Ningenyamaza. Nimezoea kunyamaza, nimechoka, nikitoka kazini mikono yangu ina joto la pasi mpaka naogopa kumgusa mtoto. Lakini shemeji yangu, mdogo wake Rola, amerithi kazi, na amepewa jengo la kupaka, refu, anaanza Jumatatu. Akasema mbele ya watu kwamba atatumia ngazi ya kaka yake, kwa heshima. Mama mkwe akalia, akabadilisha ule mpira kwa mkono wake mwenyewe, akafunga mpira mpya. Baba yangu alikuwepo. Akakoroga chai.

Nilimfuata shemeji uani nikamwambia, "Shem, hiyo ngazi imeoza." Akacheka kama kaka yake, meno yale yale. "Shem, siku yangu kama haijafika, sifi. Kama imefika, hata ukinifungia kabatini nitakufa kabatini."

"Basi ingia kabatini tuone," nikamwambia. Akadhani natania.

Nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa anapima joto la maji ya kumwogesha Bonge kwa kiwiko, huwa anapima kwa kiwiko, mimi nikipima mtoto analia. Nikasema, "Mama, ile ngazi si ya kupandwa." Akasema, "Ngazi haina kosa." Nikasema, "Mama, ina mchwa." Akasema, "Usiniambie ni ngazi, mwanangu. Chochote niambie, usiniambie ni ngazi." Na maji yakapoa, kiwiko bado kimo ndani ya beseni.

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Anayakumbuka maneno yake kama ninavyoyakumbuka mimi. Kama ni majaaliwa, yeye ni mama aliyefiwa. Kama ni ngazi, yeye ni mama aliyemwambia mwanawe afadhali uanguke. Huyu ndiye anayenilelea mtoto nikienda kazini, ndiye aliyenilisha uji siku ambazo sikutaka kufumbua mdomo, hajawahi kuniita mkwe, ananiita mwanangu, na nikisema ukweli ninamzika. Nikinyamaza nitamzika mwanawe wa pili.

Na mimi pia, nikubali tu, kwenye majaaliwa nilikuwa nimepata pa kulaza kichwa. Ni rahisi kuwa mke wa mtu aliyeandikiwa. Ni vigumu kuwa mke wa mtu aliyekufa kwa kukosa ngazi ambayo naiona nikifungua dirisha.

Basi naomba uniambie, majaaliwa yapo au hayapo? Maana kama yapo nitalala, na kama hayapo niambie nifanye nini. Nimefikiria kuichoma usiku. Mtoto anajigeuza, naishia hapa.

Ni mimi,
Mjane wa Ng'ambo

MSHAURI ANAJIBU

Mjane wa Ng'ambo, pole. Pole ya mume, pole ya mguu. Barua yako nimeitoa mwisho wa foleni nikaiweka mbele, na yule bwana anayetaka kujua kwa nini mkewe anacheka usingizini atasubiri wiki ijayo, kwake hakuna anayepanda kitu Jumatatu.

Umeniuliza kama majaaliwa yapo. Bibi yangu aliamini kwamba mtu hafi ila siku yake imefika, na aliamini hivyo mpaka siku alipokufa kitandani kwake akiwa mzee sana. Bibi huyo huyo akishuka ngazi alishika ukuta kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akikosana na Mungu kwa ajili ya ule ukuta.

Majaaliwa, mdogo wangu, ni neno la msibani. Linafunika waliobaki kama shuka, na mimi simvui mtu shuka. Lakini halifai kuwa neno la asubuhi, mtu anapobeba vifaa kwenda kazini. Asubuhi hujui kilichoandikwa. Unajua tu kwamba mbao imeliwa na mchwa.

Sasa tuitazame hadithi ya wazee wako, ila tumwondoe bundi. Mzee mmoja angeweza kusema, "Nilikoroga vibaya." Mwingine angeweza kusema, "Plasta ilikuwa mbichi." Baba yako angeweza kufungua mnyororo. Rola angeweza kuvuka barabara bila kumuaga mama yake, ni mtu mzima, ana miguu. Kila mahali palikuwa na mtu, na huyo mtu alikuwa na mdomo. Hayo majaaliwa mnayoyasifu yalikaa tu kwenye kiti yakisubiri mtu mmoja aseme, "Naomba ngazi," na hakuna aliyesema. Halafu mkayatwisha mzigo wote.

Kuhusu kupendana kupita kiasi, huo ni upuuzi, na mwanamke aliyekushika mkono umwambie mshauri amesema hivyo. Kupenda hakuangushi mtu. Mngependana kidogo, kipandio kingevunjika vilevile.

Sasa nakugombeza, kidogo. Una ngazi mbovu uani, una mikono, na umeniandikia mimi barua. Najua kwa nini. Ulitaka mtu mwingine aseme. Sawa, nimesema: ni ngazi. Imekwisha kusemwa, tena gazetini, hukuitamka wewe. Sasa inuka.

Mama mkwe wako usimwambie kitu kuhusu ile asubuhi. Wala usimkumbushe kwa jicho. Unadhani anahitaji kuambiwa? Mtu anayeacha kiwiko ndani ya maji mpaka yapoe anajisomea hukumu yake kila siku, wewe usimwongezee mstari. Na siku akikuambia mwenyewe, maana siku moja atakuambia, mjibu ukweli: maneno yake hayakula mbao, na wewe pia ulicheka. Mama wote tunasema hivyo. Mimi nimemwambia mwanangu leo asubuhi kwamba asipovaa viatu nitamuuza. Hakuvaa, na bado ninaye. Yeye alisema neno la jikoni kama mimi, ila siku yake lilikuta ngazi mbovu.

Lakini kumhurumia si kumwachia ngazi. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyafunga pamoja kwa mpira.

Usiichome usiku. Ukiichoma usiku, kesho yake wageni watasimuliwa moto uliowaka wenyewe, na utatakiwa ufute machozi mkifika hapo. Fanya kazi hii mchana na watu wawepo.

Jumapili baba yako atakuja kunywa chai. Kabla hajavuka, wewe vuka. Mbebe Bonge mgongoni, mshike mama mkwe mkono, mwambie, "Mama, nisindikize kwa baba." Usimweleze zaidi. Mkifika mlangoni pa duka sema maneno haya, na ninakuandikia kamili kwa sababu hakuna mtu wa mtaa wenu aliyewahi kuyasema: "Baba, tumekuja kuazima ngazi." Kisha nyamaza. Mwache mama mkwe asimame pale, kwenye ule mlango, na ayasikie yamesemwa, na aone kwamba mbingu hazikuanguka.

Na wewe mzee mwenye duka. Najua unasoma, wauza duka husoma gazeti lote kabla ya wateja kuja. Uliitazama ile ngazi msibani, ukaiona. Juzi umeiona tena, ukakoroga chai. Hakuna anayekudai msamaha, tunakudai ufunguo wa mnyororo. Usipige hesabu ya kukodisha, wala usihutubie. Ukitaka kusema kitu sema, "Chukueni ile ndefu."

Shemeji yako ni mtoto mzuri mwenye maneno ya kipumbavu, ni umri. Mwambie hivi: "Shem, kama siku yako haijafika, haitakasirika ukipanda ngazi nzima." Akitaka kumheshimu kaka yake, akapake ukuta ule vizuri, ukikauka uwe rangi ile ile aliyoagiza mwenye jengo. Familia yenu itakuwa imepiga hatua.

Ngazi ya mbao ikatwe Jumapili hiyo hiyo. Mpe mama mkwe msumeno kwanza, ni ya mumewe, ni haki yake kukataa na ni haki yake kuanza. Akiuchukua, ishike mbao isicheze. Akikataa, ikate wewe, mbele yake, taratibu, vipande vifupi ambavyo hata kuku hawezi kupandia. Akilia, acha msumeno, mshike, kisha endelea. Akikwambia ondoka nyumbani kwangu, toka, kaa kibarazani mpaka hasira ishuke, halafu urudi, kwa sababu jioni mtoto ataogeshwa, na kiwiko kinachojua yale maji ni kimoja tu nyumba nzima, na yeye anajua kwamba unajua.

Ipo siku Bonge atauliza. Usimpe bundi. Mwambie, "Baba yako alinipenda mpaka dirisha likashindwa kufunga. Na baba yako alianguka kwenye ngazi mbovu." Mwambie yote mawili, siku moja, na katikati uweke nukta.

Jumatatu mwambie mwenye dobi utachelewa. Akinung'unika, mwambie aje kwangu mshauri, nimwonyeshe mkunjo. Nenda mpaka kwenye lile jengo, simama chini ya ngazi ya baba yako, uishike kwa mikono miwili mpaka shemeji yako ashuke.